Uzito wa Mama

FUNDI: Haloo? Ni nani?

DADA: Mimi.

FUNDI: Mimi nani? Kama ni suti ya harusi, haijaisha. Nilisema Ijumaa na Ijumaa haijafika—

DADA: Dada yako, Fundi. Sina suti kwako.

FUNDI: Ah, Dada. Shikamoo. Namba ya nani hii?

DADA: Marahaba. Ya jirani wa ghorofa ya tatu, yule mwenye paka. Yangu nimemwachia mama, anasikiliza redio.

FUNDI: Ulilala salama jana? Nilirudi nikakuta mmeshalala, na asubuhi nimetoka—

DADA: Zima cherehani, sikusikii.

FUNDI: Imezimwa. Huo ni mtandao. Na huko kwako ni upepo? Uko wapi?

DADA: Juu ya paa. Nimepanda kuanika nguo za mama.

FUNDI: Paani kote huko? Si ungeanika kibarazani, kuna kamba—

DADA: Sitaki anisikie.

FUNDI: Kuna nini?

DADA: Nitakuuliza swali, unijibu kama mtu mzima. Mama anakula?

FUNDI: Anakula.

DADA: Umemwona akila?

FUNDI: Dada, swali gani hilo? Anakula. Sahani inakwenda imejaa, inarudi safi. Hata punje haibaki. Mke wangu anasema mama siku hizi anakula kuliko sisi sote.

DADA: Huyo huyo mke wako ndiye ninayetaka kumfikia.

FUNDI: Hapo simama.

DADA: Nasimama nini? Nimemwogesha mama asubuhi. Alikataa, akasema ataoga mwenyewe na stuli yake, mimi nikalazimisha. Chini ya sweta kuna sweta. Chini ya sweta kuna mifupa, Fundi. Mabega ya mama yetu, haya yaliyokubeba wewe na mimi, yamebaki kama ya kitundikio cha nguo. Halafu unaniambia sahani inarudi safi. Safi kwa sababu ilikwenda tupu?

FUNDI: Usimguse mke wangu. Nakuheshimu, ni dada yangu, lakini hapo usiguse. Yule mwanamke anaamka, anapika, anamfunikia mama chakula, anamwekea maji karibu, ndipo anakwenda kazini. Wewe umekuja jana jioni na begi moja—

DADA: Nimekuja jana na nimeona. Ninyi mko naye kila siku na hamjaona. Tena wewe, unayejisifu unampima mteja kwa macho akiwa bado anavuka barabara.

FUNDI: Anaona baridi. Anavaa nguo nyingi. Nitampimaje mtu aliyejifunika?

DADA: Na kwa nini ajifunike na jua hili?

FUNDI: Wazee wanapungua, Dada. Ni umri. Wewe hujamwona siku nyingi, ndiyo maana umeshtuka.

DADA: Unalikumbuka lile gauni la bluu ulilomshonea?

FUNDI: Nalikumbuka. Nililipindia kwa mkono shingoni.

DADA: Ninalo hapa mkononi. Nimeligeuza nilikamue. Ndani ya mshono wako kuna mshono mwingine.

FUNDI: Mshono gani?

DADA: Wa mkono. Uzi mweusi.

FUNDI: Uzi mweusi kwenye nguo ya bluu? Si wangu huo. Labda lilichanika.

DADA: Halijachanika. Limepunguzwa ubavuni, pande zote mbili. Na ndani ya huo mshono mweusi kuna mwingine tena.

(Mtandao unakoroma.)

DADA: Upo?

FUNDI: Nipo. Angalia sindano ilivyokwenda. Inakwenda mbele, halafu inarudi nyuma kidogo, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani?

DADA: Ngoja... Ndiyo. Inarudi.

FUNDI: Ni wa mama.

DADA: Nilijua utasema hivyo.

FUNDI: Ndivyo alivyonifundisha, kwamba mshono usiorudi nyuma haudumu. Amepunguza gauni mwenyewe?

DADA: Mara mbili.

FUNDI: Lakini si angenipa mimi? Mimi si ndiye fundi? Ni kazi ya muda wa kumaliza kikombe cha chai.

DADA: Ndiyo ninachokuuliza.

FUNDI: Hakutaka nilishike.

DADA: Hakutaka ulishike.

FUNDI: Sasa chakula kinakwenda wapi?

DADA: Nilipokwenda kuazima simu, jirani alicheka. Akasema, "Mwambie mama yenu apunguze ukarimu, paka wangu hawezi tena kupanda dirishani." Nilidhani ananitania. Nikamwangalia yule paka. Fundi, yule si paka, ni mto wa kochi. Anapanda ghorofa moja mpaka kwa mama, asubuhi na jioni, anakwangua mlango, mama anamfungulia kwa fimbo yake.

FUNDI: Paka.

DADA: Wifi nimemkosea. Akirudi nitamwomba radhi, usimwambie wewe.

FUNDI: Anampa paka chakula chake? Mama? Huyu aliyekuwa anatuchapa kwa kuacha ukoko?

DADA: Nikamuuliza jirani, tangu lini? Akafikiri. Akasema, "Tangu kaka yako alipoanza kukimbia."

FUNDI: Vinahusiana wapi?

DADA: Sijui. Ndiyo maana nimekupigia wewe na sijamuuliza yeye. Hebu niambie, kwa nini unakimbia?

FUNDI: Ni afya tu. Presha.

DADA: Usinidanganye.

FUNDI: Daktari alisema—

DADA: Daktari alisema miaka mingi iliyopita, na mwaka wa kwanza ulikimbia wiki moja ukarudi kwenye stuli yako. Harusi ya binti yangu ukaapa utaingia kwenye koti la zamani. Ukaishia kulichana, ukaongeza kitambaa ubavuni, ukaja unacheka. Wifi akakununulia viatu vya mazoezi, ukavifanya vya kuendea dukani.

FUNDI: Vilikuwa laini.

DADA: Suruali ya mazoezi ukaivaa kulalia.

FUNDI: Nayo ni laini.

DADA: Sasa mtu huyo huyo anaamka gizani kila siku. Mvua inanyesha, yuko nje. Mtu haamki gizani kwa ajili ya presha, nakujua mimi. Kama kuna mwanamke, sema tujue moja.

FUNDI: Yupo.

DADA: Fundi.

FUNDI: Ana sweta mbili.

DADA: Sema basi.

FUNDI: Unajua ninavyomshusha kliniki.

DADA: Mgongoni.

FUNDI: Mgongoni. Lifti ilishakufa, wapangaji wanaweka baiskeli mle. Nilisema tumbebe na kiti, akasema hataki kuteremshwa kama kabati. Nikasema niite vijana wa chini, akasema hashikwi na watu baki. Anataka mimi. Anasema deni la mgongo hulipwa kwa mgongo, halafu anacheka mwenyewe. Basi nambeba. Kushuka, wanamfunga kidonda cha mguu, kupanda.

DADA: Haya.

FUNDI: Siku moja tulikuwa tunashuka. Ya nne sawa. Ya tatu sawa. Kufika pale ngazi zinapokata kona, kabla ya ya pili, magoti yakaanza kucheza. Nikajikaza. Moyo ukanipanda mpaka masikioni. Nikamshusha. Hapana. Sikumshusha, Dada, nilimwachia. Alikaa kwenye ngazi kwa kishindo.

DADA: Aliumia?

FUNDI: Alisema hapana. Alifungua kitambaa chake cha kichwa akanifuta uso. Yeye ndiye mgonjwa, mimi ndiye ninayefutwa. Siwezi hata kuongea, nahema mdomo wazi. Watu wanapita, wanatuamkia, mama anawaitikia kama vile tuko sebuleni. Akaniambia, "Tukae kidogo, mwanangu, hapa pana upepo."

DADA: Mh.

FUNDI: Hapana upepo pale. Pana ukuta.

DADA: Endelea.

FUNDI: Dada, nililia mle chooni kliniki. Mtu mzima. Nikajiambia, presha ni yangu, koti ni langu, viatu ni vya mke wangu, lakini huyu ni mama. Siku mgongo wangu utakapokataa, yeye hatoki tena ndani ya kile chumba. Atabaki pale anaangalia dirisha mpaka... Basi. Kesho yake niliamka gizani. Hakuna aliyeniamsha.

DADA: Ungesema.

FUNDI: Niseme nini? Kwamba nimemwangusha mama?

DADA: Ungesema, ningekuja.

FUNDI: Nilikimbia. Halafu nikaona mbio hazitoshi, ngazi si barabara. Nikachukua majora ya kitambaa hapa dukani, nikayafunga pamoja kwa kamba, nikayapima kwa muuza vyuma chakavu mpaka yakafika uzito wa mama, ule aliopimwa hospitali kabla ya kidonda. Nikawa nayabeba mgongoni, napanda na kushuka jengo zima watu wamelala. Mlinzi alidhani naiba.

DADA: Majora mgongoni.

FUNDI: Kila siku. Na imekubali, Dada. Sikuamini. Safari hii ya mwisho nimemshusha mama mpaka barabarani bila kusimama. Nimempandisha mpaka kitandani bila kusimama. Mwenyewe alinipigapiga bega, akasema, "Umekuwa dume." Nilifurahi, usiniulize. Nilikuwa namhisi mwepesi, mwepesi kabisa, kama vile—

DADA: Malizia.

FUNDI: Ngoja.

DADA: Kama vile nini?

FUNDI: Ngoja, Dada, ngoja kwanza.

(Honi ya pikipiki mbali.)

FUNDI: Majora hayakuwa mepesi.

DADA: Unasemaje? Unakatika.

FUNDI: Majora. Ni yale yale. Yananikata mabega leo kama yalivyonikata siku ya kwanza. Nimezoea maumivu, ndiyo, pumzi imeongezeka, lakini uzito nausikia ule ule. Mama tu ndiye aliyekuwa mwepesi.

DADA: Ee Mungu.

FUNDI: Na nilijua. Si kujua kabisa. Nilikuwa natua majora naona yananishinda kidogo, halafu nambeba mama naona si kitu. Nikasema ni kwa sababu mama ananishika vizuri, jora halishiki. Nilitafuta sababu, nikaipata. Nilitaka iwe mimi.

DADA: Usijipige.

FUNDI: Alinipigapiga bega, Dada. Anajua kwa nini yuko mwepesi, na ananipigapiga bega.

DADA: Nisikilize. Fundi. Nisikilize. Ulisema mlikaa wapi siku ile?

FUNDI: Kwenye kona. Kabla ya ya pili.

DADA: Pale penye dirisha dogo lililozibwa kwa bati?

FUNDI: Hapo hapo. Kwani?

(Kimya kirefu.)

DADA: Baba alianguka wapi?

FUNDI: Ngazini.

DADA: Ngazini wapi?

FUNDI: Sijui. Nilikuwa shule ya bweni, nilikuja kuzika. Mliniambia ngazini tu.

DADA: Pale.

FUNDI: Dada.

DADA: Pale pale. Alikuwa anapandisha cherehani ya mama, hiyo unayoshonea. Mama alikuwa mbele yake ameshika droo na kikopo cha vifungo. Alimuuliza, "Umechoka?" Baba akasema, "Twende." Hakusema neno lingine tena. Mimi nilisikia vifungo vinateremka ngazi, nikatoka kuviokota. Nilidhani ni vifungo tu.

FUNDI: Hamkuniambia.

DADA: Ulikuwa mdogo. Baadaye ukawa mkubwa, na tulishazoea kutosema. Mama alikataza cherehani ile iuzwe, lakini yeye hajaikalia tena mpaka leo. Mzigo ulikuwa wa kwake, unaelewa? Na siku ile mnashuka kliniki, mzigo ni yeye mwenyewe, na aliyekaa pale mdomo wazi ni wewe.

FUNDI: Ndiyo akaanza kupunguza mzigo.

DADA: Jana usiku aliniambia kitu, sikukielewa. Alisema, "Ngazi hizi zimeshachukua mmoja, zimetosheka." Nikadhani ni maneno ya usingizi.

FUNDI: Mimi naongeza mgongo, yeye anapunguza mwili. Tunapishana kwenye mlango mmoja.

DADA: Na kidonda? Kliniki wanasemaje?

FUNDI: Hakifungi. Muuguzi aliniuliza, "Anakula vizuri? Maana mwili hauna cha kujengea." Nikamjibu kwa kiburi, "Anakula sana, sahani inarudi safi." Mama yuko pale kitandani, anaangalia dari.

DADA: Na alinyamaza.

FUNDI: Akanyamaza.

(Mtandao unakoroma.)

DADA: Haloo? Haloo?

FUNDI: Nipo.

DADA: Nimeamua. Namchukua.

FUNDI: Unampeleka wapi?

DADA: Kwangu. Kwangu ni chini, hakuna hata kizingiti. Atatoka na fimbo yake mpaka uani. Hakuna wa kumbeba, hakuna wa kuanguka, atakula.

FUNDI: Hapana.

DADA: Hapana ya nini?

FUNDI: Amekaa humo tangu hatujazaliwa. Majirani zake wako humo. Ukimng'oa sasa—

DADA: Ukimwacha sasa atakwisha.

FUNDI: Na mimi?

DADA: Wewe nini?

FUNDI: Ukimchukua, kesho mimi naamkia nini?

DADA: Rudia.

FUNDI: Achana nayo.

DADA: Hapana, rudia, kwa sababu nimesikia vibaya au nimesikia vizuri. Unambeba kwa ajili yake au kwa ajili yako?

FUNDI: Sijui.

DADA: Afadhali hiyo.

FUNDI: Sijui, Dada, kweli sijui. Maisha yangu yote nimekaa kwenye stuli. Kila mtu alinipa sababu ya kunyanyuka, zote nilizivaa siku tatu nikazitundika. Hii ni ya kwanza iliyonikaa. Ninapokuwa kwenye zile ngazi na majora, gizani, ninajisikia mwana wa mtu. Sijawahi kujisikia hivyo kwa kupima viuno vya watu. Ukiiondoa, narudi kuwa lile gunia mnalolitania. Na moyo wa baba ninao mimi, si wewe.

DADA: Sikuwahi kukuita gunia.

FUNDI: Uliniita kochi.

DADA: Nilikuita kochi. Nisamehe.

(Wote wanacheka kidogo.)

DADA: Sasa tufanyeje? Nikimuuliza atakana. Nikimkalia mbele atatafuna, nikigeuka atatema kwenye kitambaa. Unamjua.

FUNDI: Enzi zile chakula kilipokuwa kidogo, alikuwa anasemaje?

DADA: "Nimeshiba."

FUNDI: Na hakuwa amekula.

DADA: Hakuwa amekula. Mpaka baba akaleta sheria ya sinia, sote tule pamoja.

FUNDI: Hakuna anayenyanyuka—

DADA: —mpaka wa mwisho amalize. Na baba alikuwa anamsubiri yeye. Anakaa na mkono kwenye goti, hali, anamwangalia mama mpaka mama ale. Sisi tunasinzia pale pale.

FUNDI: Sinia bado lipo?

DADA: Liko juu ya kabati, limejaa mafundo ya nyuzi zako.

FUNDI: Lioshe.

DADA: Unakuja? Na suti ya watu?

FUNDI: Suti nilisema Ijumaa. Mimi sili mpaka yeye ale. Nitamwambia hivyo. Kama yeye amegoma, na mimi nimegoma. Tuone kati yangu na yule paka anampenda nani.

DADA: Usije kwa hasira. Ukimpandishia sauti atajifungia.

FUNDI: Sina hasira.

DADA: Unayo, naisikia. Na kuhusu kumchukua, sijasema basi. Tutamuuliza yeye mwenyewe, akiwa ameshiba kweli. Mtu mwenye njaa haulizwi anataka kukaa wapi.

FUNDI: Sawa. Akiwa ameshiba.

DADA: Na akisema anakwenda, utamwachia?

(Mlango wa duka unafungwa.)

FUNDI: Nitamshusha mwenyewe. Mpaka kwenye gari.

DADA: Haya. Kuna kitu kinalia kwenye hii simu, nadhani salio la watu nimelimaliza. Jirani atani— Fundi, pitia mayai. Na umwongeleshe taratibu, kwa sababu yeye—

FUNDI: Yeye nini? Dada? Haloo?

(Simu inakatika.)

(Baadaye kidogo. Simu ya Dada, iliyoachwa kitandani, inaita. Redio inakatika.)

MAMA: Haloo? Ni nani?

FUNDI: Mimi, mama. Shikamoo.

MAMA: Marahaba, mwanangu. Umenikatia taarifa ya habari. Dada yako yuko paani, anaanika gauni moja tangu asubuhi.

FUNDI: Nakutafuta wewe.

MAMA: Mbona sauti yako ina mwangwi? Uko kisimani?

FUNDI: Niko ngazini, napanda.

MAMA: Saa hizi? Umesahau nini?

FUNDI: Kula. Sijala tangu asubuhi.

MAMA: Hujala? Mke wako si alipika—

FUNDI: Alipika. Wewe umekula?

MAMA: Nimeshiba.

FUNDI: Mama, hata zamani ulikuwa umeshiba.

MAMA: Nilijua. Gauni moja haliwezi kuanikwa muda wote ule.

FUNDI: Dada kauona mshono.

MAMA: Sikupata uzi wa bluu.

FUNDI: Ungeniomba.

MAMA: Ungeniuliza wa nini.

FUNDI: Ningeuliza, ndiyo. Mama, nimefika kwenye kona. Kwenye dirisha la bati.

MAMA: Usisimame hapo.

FUNDI: Nataka kukuambia kitu—

MAMA: Niambie ukiwa unakwenda. Pita hapo. Umepita?

FUNDI: Nimepita.

MAMA: Uko wapi sasa?

FUNDI: Ya tatu. Paka kalala katikati ya njia, hata kunipisha hawezi. Nimemruka.

MAMA: Maskini, hana kosa.

FUNDI: Mama, nimebeba majora kwa muda wote huu kwa ajili ya uzito wako. Si wa mtu mwingine. Ukiupunguza, nimebeba bure. Nataka kumbeba mama yangu, sitaki kubeba sweta zake.

MAMA: Na ukianguka?

FUNDI: Nikichoka nitasema.

MAMA: Baba yako nilimuuliza. Nilimuuliza kwa mdomo wangu huu. Hakusema.

FUNDI: Mimi nitasema. Nitasema nimechoka, tutakaa. Popote. Hata pasipo na upepo.

(Hatua zinapanda, zinasimama.)

FUNDI: Niko mlangoni, mama.

MAMA: Umefika?

FUNDI: Nimefika. Umenisikia nikihema?

MAMA: ...Hapana.

FUNDI: Nifungue niingie, au mpaka nikwangue?

MAMA: (Anacheka, sauti inakatika katikati.) Pako wazi. Mwanangu.

FUNDI: Naam, mama.

MAMA: Mwite dada yako. Mwambie ashushe sinia.